Monte Carlo: Wafalme walilala hotelini, wenye hisa wakalala macho

Ukiingia ukumbini mwa Hôtel de Paris, Monte Carlo, unakutana na sanamu ya shaba ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa akiwa juu ya farasi. Shaba yenyewe imefifia kwa umri, isipokuwa mahali pamoja. Goti la farasi linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kizazi baada ya kizazi, wacheza kamari wamelipapasa goti hilo kabla ya kuvuka uwanja kwenda kasino, wakiamini kwamba lina bahati.

Ukurasa huu hauna ugomvi na bahati ya mtu. Ila msomaji wetu ni mtu wa bei na daftari, na kwake hoteli kama hii ina swali lingine. Wageni wake wanajulikana: wana wa wafalme, maduke wa Urusi, makabaila wa kila taifa la Ulaya. Picha zao zimejaa vitabuni. Je, mwenye hoteli alikuwa nani? Nani alikula faida, nani alibaki na karatasi mkononi?

Jibu lake lina faida kwa yeyote anayefikiria kununua hisa za kampuni ya hoteli au ya utalii. Hoteli hii tangu siku ya kwanza imemilikiwa na kampuni ya hisa, na jina la kampuni hiyo ni la ajabu: Société des Bains de Mer, yaani Kampuni ya Kuoga Baharini. Wenyeji huiita kwa kifupi SBM. Hisa zake zinauzwa Paris hadi leo.

MTU WA MINARA

Mwanzilishi wake, François Blanc, alizaliwa mwaka 1806 kusini mwa Ufaransa, pacha na ndugu yake Louis. Hawakuzaliwa na mali. Walianzia kwenye kazi ambayo wasomaji wetu wengi wanaifahamu: kuwahi bei kabla ya wenzao.

Miaka ya 1830 ndugu hao walikuwa Bordeaux, wakinunua na kuuza dhamana za serikali. Bei ya dhamana ilipangwa Paris, na habari zake zilifika Bordeaux kwa gari la farasi baada ya siku kadhaa. Serikali, kwa upande wake, ilikuwa na njia ya haraka zaidi: mlolongo wa minara iliyopangwa kilima hadi kilima, kila mmoja ukiwa na mikono ya mbao iliyotoa ishara kwa mnara wa pili. Njia hiyo ilikuwa ya serikali peke yake. Raia hakuruhusiwa kuitumia.

Kuanzia mwaka 1834, ndugu Blanc wakampa rushwa mtumishi wa minara katika mji wa Tours. Kazi yake ilikuwa kuchomeka ishara ya makosa katikati ya ujumbe wa serikali. Ishara hiyo ilisafiri mnara hadi mnara mpaka Bordeaux, na aliyejua siri akasoma: bei imepanda, au bei imeshuka. Kwa miaka miwili hivi wakawa wanajua leo kile ambacho soko lingejua baada ya siku kadhaa.

Mwaka 1836 siri ilivuja. Walipofikishwa mahakamani mwaka 1837, ilionekana hakuna sheria iliyokataza jambo lile waziwazi, wakatoka na mzigo wa gharama za kesi tu. Mwaka huohuo Ufaransa ikatunga sheria ya kuihifadhi njia ya minara kwa serikali. Blanc alitoka pale na funzo ambalo hakuliacha maisha yake yote. Faida kubwa iko mahali ambapo wewe una ruhusa na mwenzako hana.

MAJI YA MOTO NA GURUDUMU

Mwisho wa mwaka huo wa 1837, nyumba za kamari za Paris zilifungwa kwa amri ya serikali. Wacheza hawakuacha kucheza. Walipanda magari kwenda Ujerumani, ambako watawala wadogo wadogo walikuwa na chemchemi za maji ya madini, madaktari wa kuyasifu, na hazina tupu.

Siku zile kwenda kuoga na kunywa maji ya chemchemi ilikuwa desturi kubwa ya makabaila wa Ulaya. Daktari aliandika wiki kadhaa za maji, mgonjwa akaenda na mke, watoto, watumishi na masanduku. Asubuhi alikunywa maji yenye chumvi na harufu mbaya. Swali la kibiashara lilikuwa moja: baada ya saa nne asubuhi mtu huyu mwenye fedha atafanya nini hadi usiku?

Ndugu Blanc walilijibu swali hilo huko Homburg, karibu na Frankfurt. Mwaka 1840 walipatana na mtawala wa nchi hiyo ndogo: wao watajenga, watatengeneza bustani na kuutangaza mji, naye atawapa haki ya peke yao ya kuendesha michezo ya kamari. Jumba lao kubwa la wageni, Kurhaus, lilifunguliwa mwaka 1843.

Hapa ndipo Blanc alipofanya jambo ambalo kila muuza duka anapaswa kulitazama. Gurudumu la ruleti lilikuwa na namba 36 na sifuri mbili. Sifuri ndizo faida ya mwenye nyumba. Blanc aliondoa sifuri moja. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa mezani, gurudumu la sifuri mbili humwachia mwenye nyumba wastani wa shilingi 53. La sifuri moja humwachia 27. Alikata faida yake karibu nusu, kwa hiari yake, na washindani wake wakadhani amerukwa na akili. Lakini mchezaji aliyekaa mezani muda mrefu zaidi aliweka fedha mara nyingi zaidi, na habari za sifuri moja zikavuta watu kutoka miji mingine yote. Faida ndogo kwa mauzo makubwa ikaishinda faida kubwa kwa mauzo madogo.

Wageni wa Homburg walikuwa wenye vyeo. Sophie Kisseleff, mke wa kabaila wa Urusi, alicheza kwa miaka mingi, akapoteza mali nyingi, na hata hivyo akaupenda mji kiasi cha kusaidia kuujenga. Barabara moja ya Homburg ina jina lake mpaka sasa. Mwaka 1852 alikuja Charles Lucien Bonaparte, wa ukoo wa Napoleon. Yeye alishinda fedha nyingi kiasi cha kuitikisa kampuni, kisha akafanya kile ambacho wachezaji karibu wote hushindwa kukifanya: akafunga mizigo na kuondoka.

Wenye hisa wa Homburg walijifunza siku zile kwamba mgeni wa damu ya kifalme anaweza kuwa hasara. Kampuni isiyo na akiba ya kutosha inaweza kuyumbishwa na mtu mmoja katika siku chache.

MWAMBA USIO NA MAPATO

Wakati Homburg inastawi, Monaco ilikuwa inakufa njaa. Nchi hiyo ndogo kwenye pwani ya kusini, karibu na mpaka wa Italia, ilikuwa ikiishi kwa kodi za malimau na mafuta ya zeituni kutoka miji yake miwili, Menton na Roquebrune. Mwaka 1848 miji hiyo ilijitoa. Sehemu kubwa ya nchi ikaondoka, na mapato yakaondoka nayo. Mwaka 1861 mtawala wa Monaco alikubali kuiachia Ufaransa miji hiyo kwa faranga milioni 4.

Mama yake mtawala huyo, Caroline, alikuwa ameshaangalia mfano wa Homburg. Mwaka 1856 mtoto wake Charles III alitoa kibali kwa wafanyabiashara wawili wa Paris kuanzisha mahali pa kuoga baharini. Kuoga ndiko kulikoandikwa kwa wino mkubwa, na kamari ikawekwa ndani ya kibali hicho. Neno "kamari" lilikuwa na aibu, neno "afya" halikuwa nayo.

Biashara haikwenda. Kutoka Nice ilikuwa safari ya saa nyingi kwa gari la farasi kwenye njia mbaya ya milimani, au kwa meli ndogo iliyokwenda ikitaka. Hapakuwa na hoteli ya maana. Kibali kikapita kutoka mkono huu kwenda mkono ule, kila mwenye nacho akitoka na hasara.

Mwaka 1863 akatokea Blanc. Alilipa faranga milioni 1.7 kwa kibali hicho, akaunda SBM kwa mtaji wa faranga milioni 8 uliogawanywa katika hisa 16,000 za faranga 500 kila moja. Kibali kilikuwa cha miaka 50. Mtawala alipata faranga 50,000 kwa mwaka na sehemu ya kumi ya faida.

Msomaji atazame mpangilio huo kwa makini. Mtawala hakuweka mtaji. Aliweka sahihi yake, na kwa sahihi hiyo akapata malipo ya kila mwaka na mgao wa faida. Hakuna mwenye hisa aliyekuwa na nafasi nzuri kama yake. Sahihi hiyo itarudi tena katika hadithi hii, baada ya miaka 103.

HOTELI KABLA YA BARABARA

Blanc alianza na hoteli. Hôtel de Paris ilifungua milango mwaka 1864, ubavuni mwa kasino, juu ya kilima ambacho wakati huo kilikuwa miamba na miti michache. Alitaka iwe bora kuliko hoteli kubwa za Paris kwenyewe. Wengi waliona ni wazimu kujenga jumba kama lile mahali ambapo reli haijafika.

Lakini Blanc alikuwa ameshaona Homburg jinsi mambo yanavyokwenda. Mgeni anayelala mjini mwingine hucheza saa mbili akiangalia saa yake. Mgeni anayelala hatua hamsini kutoka mezani hucheza mpaka usingizi umshinde, na kesho anaamka pale pale. Chumba na chakula vilikuwa mtego wa heshima. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wahenga walisema, na Blanc angeongeza: mgeni njoo, lala hapa hapa.

Mambo mengine yalifuata kwa zamu. Mwaka 1866 kilima kilipewa jina jipya, Monte Carlo, yaani Mlima wa Charles, kwa heshima ya mtawala. Mwaka 1868 reli kutoka Nice ikafika. Mwaka 1869 mapato yalikuwa yamepanda kiasi kwamba Charles III alifuta kodi za moja kwa moja kwa raia wake. Raia hao hao walikatazwa kucheza kwenye kasino, na katazo hilo lilikuwa na maana yake. Fedha ilitakiwa iingie kutoka nje, isizunguke mifukoni mwa wenyeji.

Mwisho wa mwaka 1872 Ujerumani ilifunga nyumba zake za kamari, Homburg ikiwamo. Waliobaki na biashara hiyo katika sehemu hiyo ya Ulaya walikuwa wachache sana, na Blanc alikuwa wa mbele. Mwaka 1874 mkewe Marie, binti wa fundi viatu kutoka kijiji cha karibu na Homburg, alianzisha ghala la mvinyo chini ya hoteli ambalo bado linatumika. Mwaka huohuo Blanc aliikopesha Ufaransa mamilioni ya faranga kumalizia jumba la opera la Paris lililokwama kwa ukosefu wa fedha. Baadaye mjenzi wa jumba hilo, Charles Garnier, alijenga ukumbi wa opera wa Monte Carlo, uliofunguliwa mwaka 1879.

WAGENI WA DAMU YA KIFALME

Msimu wa Monte Carlo ulikuwa wa baridi. Theluji ilipofunika St. Petersburg, maduke wa Urusi, jamaa za mfalme, walishuka kusini na misafara ya watumishi. Mwana wa Malkia Victoria, ambaye mwaka 1901 alikuja kuwa Mfalme Edward VII, naye alikuwa mgeni wa pwani hiyo. Alikuwa akisafiri kwa jina la Baron Renfrew, jina la kujificha ambalo halikumficha kwa mtu yeyote. Inasimuliwa kwamba chapati nyembamba za kuchomwa kwa pombe, ziitwazo Suzette, zilibuniwa kwa ajili yake katika mkahawa wa jirani kwa bahati mbaya, pale pombe iliposhika moto. Wapishi wamegombea hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka 100, na mkahawa haujapata hasara kwa ugomvi wao.

Je, makabaila hao ndio walioitajirisha kampuni? Kwa sehemu tu. Kabaila alilipa, tena wakati mwingine alilipa sana, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuonekana. Jina lake kwenye orodha ya waliofika lilisomwa London, Paris na Vienna. Aliyelisoma akakata tiketi ya treni: mwenye kiwanda, wakili, mjane mwenye akiba, mtoto wa mwenye duka. Hawa walikuja kwa maelfu, wakaweka sarafu zao kwenye meza ile ile ambayo mwana wa mfalme alikuwa ameketi. Kabaila alikuwa ubao wa tangazo. Mauzo yalikuwa kwa abiria wa treni.

Na familia ya Blanc yenyewe ikapanda ngazi. Binti mmoja, Louise, aliolewa mwaka 1876 na Constantin Radziwill wa ukoo mkubwa wa Poland. Mwingine, Marie-Félix, aliolewa mwaka 1880 na Roland Bonaparte, wa ukoo ule ule wa yule aliyeitikisa Homburg. Fedha ya ruleti ikarudi kwa kina Bonaparte kwa njia ya ndoa. Mtoto wa ndoa hiyo, Marie Bonaparte, aliolewa mwaka 1907 na George, mwana wa mfalme wa Ugiriki. Yeye ndiye aliyemsaidia daktari Sigmund Freud kuondoka Vienna mwaka 1938.

Blanc mwenyewe alifariki mwaka 1877. Alifia Leukerbad, mji wa maji ya moto huko Uswisi, alikokuwa amekwenda kutafuta afya.

MSIMU ULIPOGEUKA

Kampuni iliyojengwa juu ya aina moja ya mgeni ina hatari moja: mgeni huyo kutokuja. Mwaka 1914 vita vilianza na treni za anasa zikasimama. Mwaka 1917 mapinduzi ya Urusi yaliwamaliza maduke, wengine kwa risasi, wengine kwa ufukara. Himaya za Vienna na Berlin zikaanguka mwaka 1918. Katika miaka minne orodha ya wageni ya miaka 50 ilikuwa imefutwa.

Mwaka 1923 Basil Zaharoff, mfanyabiashara wa silaha aliyetajirika kwa vita hivyo hivyo, alishika udhibiti wa SBM. Mwaka uliofuata alimwoa mama wa kabaila wa Hispania aliyempenda kwa miaka mingi. Mama huyo alifariki Monte Carlo mwaka 1926, na Zaharoff akauza hisa zake.

Waliomfuata walitafuta mgeni mpya, na wakampata katika jua. Zamani makabaila walilikimbia jua la kiangazi. Kizazi kipya, hasa Wamarekani, kilikuja kulitafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilijenga pwani ya kuogelea na hoteli yake. Zaidi ya miaka 60 tangu ianzishwe, Kampuni ya Kuoga Baharini ikaanza kupata fedha ya maana kwa watu kuoga baharini.

Pigo lingine likaja mwaka 1933, pale Ufaransa iliporuhusu ruleti kwenye kasino zake. Nice na Cannes sasa ziliweza kuuza kile ambacho kwa miaka 70 kiliuzwa Monaco. Haki ya peke yake ilikuwa bado imo kwenye kibali, ila ng'ambo ya mpaka jirani naye alikuwa amefungua duka.

HISA 600,000

Baada ya vita vya pili hisa za SBM zilikuwa rahisi Paris. Kampuni ilikuwa na majumba, bustani, hoteli na ardhi katikati ya mji, lakini soko liliitazama kama bibi mzee aliyevaa lulu za zamani. Mtu mmoja aliona ardhi. Aristotle Onassis, Mgiriki mwenye meli za mafuta, alitaka kukodi jengo la SBM liitwalo Sporting d'Hiver, lililokuwa halitumiki, liwe ofisi zake. Alikataliwa. Tangu mwaka 1951 akaanza kununua hisa za kampuni yenyewe, taratibu, kwa kutumia kampuni nyingine zilizosajiliwa Panama ili jina lake lisionekane. Mwaka 1953 soko lilipozinduka, alikuwa ameshika udhibiti.

Mwanzoni alielewana na mtawala, Rainier III. Harusi ya Rainier na mcheza sinema wa Marekani, Grace Kelly, mwaka 1956, iliipa hoteli matangazo ambayo hakuna kampuni ingeweza kuyalipia. Winston Churchill, mjukuu wa Duke wa Marlborough, alikuwa mgeni wa hoteli. Mwaka 1962, akiwa na miaka 87, alianguka chumbani mwake akavunjika mfupa wa nyonga, akarudishwa London kwa ndege.

Lakini wenye nguvu wawili walitaka vitu viwili. Rainier alitaka hoteli mpya, mikutano, na watalii wa kawaida wengi ili nchi ipate kazi na mapato. Onassis aliona thamani iko katika uchache, na hakutaka kumwaga mtaji. Kwenye bodi ya wakurugenzi Onassis alikuwa na kura. Rainier alikuwa na sahihi.

Mwaka 1966 Monaco ilipitisha sheria ya kuongeza hisa mpya 600,000 za SBM, zote mali ya serikali. Tuiweke hesabu kwa lugha ya sokoni. Chukua kampuni yenye hisa 100, nawe unazo 52. Neno lako ndilo la mwisho. Kesho zinatolewa hisa 60 mpya, zote kwa mtu mwingine. Sasa ziko 160, na 52 zako ni chini ya theluthi moja. Hukuuza hata hisa moja. Hukuibiwa hata karatasi moja. Umelala bwana, umeamka mpangaji. Hivyo ndivyo hasa ilivyomkuta Onassis, aliyekuwa na asilimia 52 hivi. Alikwenda Mahakama Kuu ya Monaco, akashindwa. Mwaka 1967 serikali ilinunua hisa zake akaondoka.

Onassis alikuwa na meli na mawakili wa kila nchi. Tumfikirie mwenye hisa mdogo mwenye hisa kumi katika zile mia. Naye asubuhi ile alijikuta na sita na robo katika mia, bila kuulizwa na bila jina lake kutajwa kwenye gazeti lolote.

HOTELI YA LEO

Hoteli haikufa. Mkahawa wake, Le Louis XV, ulifunguliwa mwaka 1987 chini ya mpishi Alain Ducasse, na mwaka 1990 ukapata nyota tatu za Michelin, wa kwanza wa hoteli kufikia daraja hilo. Kati ya mwaka 2014 na 2019 jumba zima lilifanyiwa matengenezo makubwa. Njia ya ndani inawapeleka wageni moja kwa moja kwenye bafu za maji ya bahari, zilizofunguliwa upya mwaka 1995. Sporting d'Hiver, jengo lililomponza Onassis, lilibomolewa mwaka 2015, na mahali pake pamesimama maduka ya anasa na nyumba za kupangisha.

Ndani ya vitabu vya kampuni mabadiliko ni makubwa zaidi. Kampuni iliyoanza kwa kutegemea karibu gurudumu peke yake, leo hupata fedha nyingi kwa vyumba, chakula na kodi za pango kuliko kwa kamari. Serikali ya Monaco bado inashika zaidi ya nusu ya hisa. Mwaka 2015 iliuza asilimia 5 kwa LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za anasa, na asilimia 5 nyingine kwa Galaxy Entertainment, kampuni ya kasino ya Macau. Hisa zilizobaki sokoni ni chache, na mwenye nazo anajua, au anapaswa kujua, kwamba yeye ni abiria kwenye chombo chenye nahodha wake.

Wawekezaji wadogo wanaoletewa waraka wa kuuza hisa za hoteli, wenye picha ya bwawa la kuogelea na orodha ya marais waliowahi kulala pale, waufungue kurasa za nyuma kwanza. Kibali cha biashara ni cha nani, na kinakwisha lini? Nani ana uwezo wa kutoa hisa mpya, na je, mwenye hisa wa zamani anapewa nafasi ya kununua sehemu yake kabla ya mgeni? Theluthi ya mapato inatoka kwa mgeni wa aina gani, na vita au mapinduzi ya nchi yake yatafanya nini kwa gawio? Ardhi chini ya jumba imeandikwa kwa bei ya mwaka gani?

Waraka ukijibu maswali hayo manne, kaa chini upige hesabu. Ukiwa kimya, basi huko unakoitwa ni kwenda kupapasa goti la farasi.